Bibi kwa Kiswahili cha Karonga

Kama unafunga kitambaa shingoni wakati jua la Oktoba linapasua ardhi, na kila mtu anakuuliza kama una kikohozi, haya ninakuandikia wewe. Mimi si munganga. Nauza vitenge sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na nasema mashairi. Sitakueleza tezi ya shingo inafanya kazi gani mwilini. Waliponieleza mimi sikuwa nasikiliza, nilikuwa natazama mikono ya daktari kuona kama inatetemeka. Nitakueleza benchi likoje, nani wa kwenda naye, na neno gani usiliseme ukiwa bado umelewa dawa ya usingizi.

Nilifika Malawi kutoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na mdogo wangu wa kiume, Murhula, na mashairi machache ya Kifaransa ambayo yalikuwa mabaya. Yalifia njiani, sikuyafanyia kilio. Dzaleka nilianza kusema kwa Kiswahili chetu, kwanza kwenye foleni ya maji, kisha kwenye harusi, kisha siku ya wanawake mbele ya wakubwa waliokaa viti vya plastiki. Shairi lililonipa jina lilikuwa juu ya mahari:

Walikuja kunipima kwa yadi,
wakauliza kama rangi yangu inachuja.
Nikasema: tuingie wote majini,
tuone nani atatoka amepauka.

Wanawake walipiga vigelegele. Wachungaji wawili waliondoka. Nilihesabu mara mbili, nikakuta ni watatu. Tangu hapo walionipenda waliniita Mama Poésie, na wasionipenda waliniita majina ambayo hayana Kifaransa. Nikaalikwa Lilongwe, sebule moja ya Area 47, mbele ya wanawake wenye viatu vizuri. Nikasema juu ya mwanamke anayefukuzwa na shemeji zake siku ya matanga, wakalia, wakanipa soda. Baadaye mashairi yangu matano yalitiwa katika kitabu chembamba pamoja na ya wengine. Kwa mtu wa kambi, hiyo ni kazi kubwa.

Mashairi ya mapenzi sikuyatia kwenye kitabu chochote. Karatasi inaokotwa. Niliyaweka kichwani, na nilipoyasema mbele za watu, Kiswahili chenyewe kilinifichia siri, maana Kiswahili hakiulizi kama mpenzi wako ni mwanaume au mwanamke. Amekuja. Amelala. Ananingoja. Nani? Yeye. Wasikilizaji wangu walimpa yeye ndevu na suruali, nami sikuwakatalia. Yeye alikuwa Nsimire, mshonaji, mtu wa Bukavu kama mimi, na tumeishi pamoja miaka mingi. Nchi ilikuwa na sheria yenye kifungo kwa watu kama sisi, na kambi ina kuta za tofali moja, kwa hiyo "yeye" ndiyo ilikuwa nyumba yetu ya kweli. Neno moja tu sikuligusa: bibi. Kwetu bibi ni mke. Mama ya mama yako ni koko. Ukisema "bibi yangu", umeshatoka nje mchana bila nguo.

Ugonjwa ulianza mahindi yakivunwa. Nguo zilinipwaya, moyo ulikimbia hata nikiwa nimekaa, na mikono ilitetemeka nikipima kitenge mpaka wateja wakaona nawapunja. Halafu shingo ikavimba upande wa kulia, kama mtu aliyemeza yai akakataa kulitema. Mvua zilipoanza, sauti ikaanza kukwaruza.

Mama Riziki, kiongozi wa wanawake katika kanisa ambalo Murhula ni shemasi, alinikuta sokoni, akaangalia kitambaa changu.

"Mungu alikushika fasi yenyewe ya zambi, Zawadi. Pa kusemea."

"Basi angeshika ulimi," nikamwambia. "Shingo haiyakosea muntu."

Alinunua yadi mbili hata hivyo, na nilimpimia sawasawa, nikatetemeka upande wake.

Murhula hakuja kuniona. Alikuwa ameacha kuja tangu siku aliyotukuta tunakula samaki. Hakushtushwa na kitanda kimoja. Dzaleka wanawake wawili kwenye kitanda kimoja ni uchumi. Kilichomshtua ni kwamba Nsimire alikuwa ananitolea miiba na kunilisha, nami nakula bila kuangalia sahani. Murhula alisimama mlangoni, akasema amesahau kitu, akaenda. Hakuwahi kurudi kukichukua.

Hospitali kubwa ya Lilongwe, benchi linaanza ndani na kuishia kwenye jua. Beba maji, beba kitu cha kukalia, na mtu wa kukushikia nafasi ukienda chooni. Malawi mgonjwa halazwi peke yake: lazima awe na gadiani, mtu wa kumpikia, kumfulia, kumkimbizia dawa. Magadiani wana majiko yao nyuma ya wodi, na ukitaka kujua nani atapona, nenda kaulize kule.

Nesi wetu tulimwita Sista. Alikuwa mtu wa Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, amesoma Mbeya, na alijivunia Kiswahili chake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Sisi Wakongo tulimuumiza masikio.

"Sista, bibi yangu iko na maumivu ya mimba," mwanaume mmoja wa Uvira alimwambia siku moja mbele ya benchi zima.

"Bibi yako? Ana mimba?"

"Ndiyo. Ya tatu."

"Ana miaka mingapi huyo bibi?"

"Makumi mbili na tatu."

"Mungu wangu. Na mama yako ana mingapi?"

Benchi lilicheka mpaka wagonjwa wa kifua wakaanza kukohoa. Tulimweleza kwamba kwetu bibi ni mke. Sista naye akacheka, akajifuta macho, kisha akarudi kwenye ualimu wake. "Bibi ni mama mzaa mama. Na mtu hasemwi 'iko'. Kiti kiko, kikombe kiko. Mtu yuko."

"Sista," nikamwambia, "kwa benchi hii, mtu na kiti tuko sawa."

Tangu siku hiyo alinipenda, na akanisahihisha kila neno.

Nsimire alijiandikisha gadiani wangu. Alipoulizwa ni nani kwangu, alisema bila kupepesa, "Mi njo dada yake." Dada ni neno lenye moyo mpana, linapitisha watu wengi getini.

Daktari alisema Kiingereza, Sista akafasiri. Uvimbe ulikuwa unasogea kuelekea njia ya hewa. Lazima ukatwe. Mshipa wa sauti unapita nyuma yake. Huenda akauokoa, huenda asiweze.

Nimepatana bei maisha yangu yote. Sikuweza kuacha.

"Akate nusu," nikasema. "Nusu abakize."

"Anasema nusu itaota tena."

"Basi robo tatu."

Daktari alitazama shingo yangu, hakunitazama mimi. Nikaelewa nimeingia duka la bei moja, na mimi sijawahi kutoka duka la namna hiyo na kitu mkononi.

Tulirudi Dzaleka kungoja nafasi. Ilikuwa majira ya baridi, ile ya manyunyu yasiyokoma ambayo Wamalawi wanaiita chiperoni. Nikawa na hofu moja tu: mashairi yote ya yeye yalikuwa kichwani mwangu, na mlango wake pekee ulikuwa koo. Nikaanza kuyamimina kwa Nsimire. Aliyashika kwa kukanyaga cherehani, mstari mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu.

"Unakosea," nilimwambia. "Mi nilisema 'ananingoja'. We unasema 'ananiongoja'."

"Ni cherehani njo inaongeza."

"Ondoa."

"Zawadi, mashairi yote haya ni juu yangu. Acha nijishone vile napenda."

Nikampa mstari uliofuata, ukatoka ukikwaruza.

Tulipoitwa kulazwa, Sista alitaka sahihi ya ndugu, akaomba kadi ya kambi, ile yenye majina ya watu wa familia moja. Kwenye kadi yangu kulikuwa na Murhula. Nsimire alikuwa kwenye kadi nyingine.

"Dada yako hayumo kwenye kadi yenu?"

"Aliolewa," nikasema.

Sista aliangalia kadi, akanirudishia. "Basi niletee huyu kaka."

Murhula alikuja na suti yake ya kanisani. Kabla ya kushika kalamu alinivuta pembeni kwenye korido, Nsimire akiwa amesimama hapo na ndoo ya nguo zangu.

"Yaya," akasema, neno letu la dada mkubwa, "nitasaini. Lakini ule arudie Dzaleka leo. Bantu ba kanisa bako nakuya kukutembelea. Sitaki bamukute pa kitanda."

"Ule iko na jina." Sauti ilitoka kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mi sikuuliza jina."

"Abakie kwa majiko tu. Haiingie ndani."

"Hapana."

"Basi akuye saa ya kula."

"Yaya, hapa haiko soko."

Nilikuwa na maneno mengine mengi, lakini koo lilikataa kuyabeba. Hapo ndipo nilipoona ningekuwa nani bila sauti: mtu ambaye wengine wanapatana juu yake. Nsimire aliweka ndoo chini.

"Saini, shemeji," akasema.

Neno lile hakuna aliyeliokota. Murhula alitazama sakafu, kana kwamba limeangukia pale na linaweza kuuma. Kisha akaenda mezani akasaini, na Nsimire akachukua kitambaa chake cha kichwa akatoka kupitia getini bila kuniaga, maana kuniaga kungetuuza.

Murhula akawa gadiani wangu, shemasi na suti, katikati ya wanawake kwenye majiko. Uji wake wa kwanza ulikuwa na ladha ya moshi na mabonge ambayo hata mtu mwenye shingo nzima asingeyameza. Nilisukuma kikombe. Alikaa kando ya kitanda, macho mekundu, akinuka kuni.

"Banawake kule banacheka," akasema.

"Banasema nini?"

"Kuko koko moja wa Fizi, analinda mujukuu wake. Ananiambia: Papa shemasi, hapana kuiombea bouillie. Igeuze na mwiko."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu samaki wale. Iliniuma shingoni.

Kesho yake uji ulikuja laini, mwembamba, umewekwa unga wa karanga na ndimu kidogo. Nilionja. Nikaonja tena, kuhakikisha. Kuna mtu mmoja tu duniani anayetia ndimu kwenye uji wa karanga.

"Umejifunza mbio," nikamwambia Murhula.

"Nimejifunza," akasema, na akaanza kukunja blanketi ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Sikuuliza tena. Alijua, na alijua najua, na kila mmoja wetu aliuacha uji uzungumze. Asubuhi ya kupasuliwa nilipelekwa kwenye kitanda cha magurudumu, nikapitia dirisha linaloangalia majiko. Moshi ulikuwa mwingi. Sikumwona mtu.

Kilichofuata ni hiki. Nilikuwa chini ya kitu kizito, na nikasikia sauti ya mwanaume ikiuliza, "Bibi yangu iko wapi?" Nikafikiri ni mgonjwa wa kitanda cha pili, anamtafuta mkewe, maskini. Halafu nikakumbuka kwamba wodi ni ya wanawake. Sauti ikauliza tena, nzito, polepole, wazi kabisa, na safari hii nilihisi koo langu likitikisika.

Sauti ilikuwa yangu. Daktari alikuwa ameuokoa mshipa. Na kitu cha kwanza nilichokifanya kwa sauti niliyorudishiwa kilikuwa kujiuza.

Nikafumbua macho. Miguuni pa kitanda alisimama Mama Riziki na kitabu chake cha nyimbo. Kulia, Murhula. Kushoto, Sista, mkono kwenye mpira wa maji ya dripu.

"Anasema nini?" Mama Riziki akauliza. "Bibi? Bibi ya nani?"

Maji yalidondoka kwenye mpira. Niliyahesabu, nikayahesabu tena. Mama Riziki hakuwa mtu mbaya, lakini jambo likiingia kwake Jumamosi, Jumapili linaimbwa. Baada ya Jumapili kuna viongozi wa kambi, na baada ya viongozi kuna polisi wa Dowa, wilaya yetu. Nilimtazama Murhula. Alikuwa na haki ya kunyamaza. Hata kunyamaza kwake kungetosha kutumaliza.

"Koko," akasema. "Anaita koko."

"Koko yenu si alikufiaka Bukavu? Mi nilikuwa kwa kilio."

"Ni Kiswahili ya Sista, Mama. Kwabo bibi njo koko. Sista iko namufundisha tangu mvua. Kila neno." Akageuka. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola. "Si njo vile, Sista?"

Sista aliyecheka na mtu wa Uvira mpaka machozi. Aliyekuwa anajua vizuri kabisa bibi ni nani kwetu. Alinitazama mimi, akamtazama Murhula, akatazama mpira wa maji kana kwamba jibu limo humo.

"Bibi ni mama mzaa mama," akasema. "Nawaambia kila siku. Angalau mmoja amesikia." Akaandika kitu kwenye karatasi ya kitandani. "Ila 'iko' bado. Ni 'yuko wapi'."

Mpaka leo sijui kama Sista alitusitiri au alikuwa anafurahia mwanafunzi wake. Nimepiga hesabu ile mara nyingi, na kila mara inabaki moja.

Mama Riziki hakuwa ameshiba. "Na huyo koko iko wapi?"

"Kwa majiko," Murhula akasema. "Haiko ule wa Bukavu, ni koko ingine, njo anamupikiaka bouillie."

"Kamlete basi," Sista akamwambia. "Saa ya kuona wagonjwa inaisha, lakini agogo hatumfungii mlango." Agogo ndiyo koko kwa Kichewa. Alilisema neno lile kwa heshima, kama watu wa huku wanavyolisema.

Murhula akatoka. Mama Riziki alivuta kiti akakaa, na nikajua atangoja mpaka mwisho. Nilitamani kulala tena na sikuthubutu. Sikuwa na hakika mdomo wangu ungesema nini.

Walirudi wakiwa watatu. Mbele, mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumwona, mfupi, kilemba cha kijani, anatembea kama mwenye wodi. Nyuma yake Murhula. Nyuma ya Murhula, Nsimire, na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, futi ya kushonea bado shingoni.

"Mujukuu yangu," yule mzee akasema, akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Ulikuwa mkavu na wa moto kutoka jikoni. "Umeamuka. Koko njo huyu."

Huyo alikuwa Koko Sifa wa Fizi, aliyemfundisha shemasi kugeuza uji. Wamemweleza nini njiani, kati ya majiko na wodi, hakuna aliyewahi kuniambia.

"Na huyu?" Mama Riziki akaelekeza kidole kwa Nsimire. "Huyu haiko ule mushonaji wa pale kwetu?"

"Huyu ananibebea sufuria," Koko Sifa akasema. "Mikono yangu ilichoka. Mama, uliletaka sala ao uliletaka maulizo? Omba, bouillie inapoa."

Mama Riziki akasimama, akafumba macho, akaomba. Aliombea shingo yangu, akaombea wodi, akavuka ziwa akaombea Bukavu yote, mtaa kwa mtaa. Alipofika huko nilihisi mkono ukiingia chini ya blanketi na kushika unyayo wangu. Vidole vya mshonaji, vyenye ncha ngumu. Ulinishika tu, haukusogea.

Nilifungua jicho. Kila mtu alikuwa amefumba macho isipokuwa Murhula. Alikuwa anatazama pale blanketi lilipoinuka. Alitazama kwa muda mrefu, uso wake kama wa mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha naye akafumba macho, akasema "Amina" katikati ya sala, mahali pasipo na amina yoyote. Mama Riziki aliendelea.

Sasa nikuambie kilichobaki. Vidole vitakufa ganzi siku za kwanza, na midomo pia. Sema mapema, usione haya, kuna dawa yake. Utameza kidonge kila asubuhi ya maisha yako. Nywele zitaanguka kidogo, zitarudi. Kovu litakuwa jekundu, kisha kahawia, na majira ya manyunyu litawasha. Uzito utarudi na kukupita. Usinywe uji wa mtu aliyeuombea. Nenda na mtu anayejua ladha yako, na ukiulizwa ni nani kwako, mpe neno lenye moyo mpana.

Mimi sauti ilirudi nusu, ile nusu niliyoiomba. Ni nzito. Juu haifiki. Kuna mashairi ambayo siwezi tena kuyapandisha, kwa hiyo nikialikwa, nasema ya chini mimi, na Nsimire, ambaye watu wanamwita msaidizi wangu, anasema ya juu, na "ananiongoja" yake ya cherehani. Sikumsahihisha. Watu wanasema ndiyo mstari mzuri kuliko yote.

Murhula na mimi hatujawahi kuzungumza juu ya siku ile. Lakini Jumapili moja baada ya ibada nilisikia viatu vyake nje. Hakupiga hodi kwa jina langu. Alisimama upande wa pili wa pazia, akakohoa, shati jipya likiwa mwilini, lile ambalo Nsimire alimshonea bila kupima, kwa kumkadiria tu.

"Yaya," akasema. "Koko iko?"

Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Nsimire aliinua mguu kwenye cherehani. Gurudumu likazunguka peke yake, likasimama. Sista alinifundisha kwamba mtu hasemwi hivyo. Nilikusanya sauti yote niliyoachiwa.

"Iko," nikasema. "Ingia."